Mwenye Nyumba Asiwepo

Dalali wetu alikuwa na sheria moja tu, na aliitaja hata kabla hajakaa kwenye kiti nilichomvutia: siku wateja wakija kuangalia nyumba, mwenye nyumba asiwepo. Aende kanisani, aende shambani, aende kwa jirani akachambue mboga, mradi asiwepo. Alisema mwenye nyumba ana mdomo, na mdomo wake ndio unaoua biashara. Mteja akiuliza kama paa linavuja, yeye atasimulia mvua zote zilizonyesha tangu paa liezekwe.

Nilimwelewa mara moja, maana na mimi ni mfanyabiashara. Nina duka la vifaa vya ujenzi Masasi mjini, na ninajua namna fundi anavyoweza kusimama kando ya mteja wako na kumwambia ukweli ambao hakuuliza. Kwa hiyo niliafiki. Aliyekuwa na neno ni mama yangu. Alikuwa amekaa uani mwa nyumba yake, pale Newala, juu ya mfuniko wa tangi la maji, akitusikiliza.

"Nitakuwepo," alisema.

Hakupandisha sauti. Dalali alicheka kidogo, cheko la kumbembeleza mtu mzima, akasema sawa bibi, tutaangalia. Mama hakucheka.

Kuuza alikuwa amekubali. Macho yake yalikuwa yamefifia hadi akawa anatia chumvi kwenye chai, baba alikuwa ameshatutoka, na mimi nilikuwa nimechoka kupanda Newala roho mkononi kila simu yake isipopokelewa. Chumba chake nyumbani kwangu Masasi kilikuwa tayari, kimepakwa rangi aliyoichagua mwenyewe. Alichokataa ni kuuza bila kumwona anayenunua, na bila anayenunua kumsikia yeye. Kwa dalali niliuita ubishi wa uzee. Moyoni nilijua si ubishi, na ndiyo maana nilikuwa na hasira.

Kwa asiyekujua kule juu, nieleze habari ya tangi. Newala iko juu ya uwanda, na maji yako chini kabisa mabondeni. Zamani mwanamke alishuka na ndoo tupu kabla ya mapambazuko, akarudi jua limeshakuwa kali, na wanawake wa umri wa mama yangu bado wanalalamika shingo. Mwenye uwezo kidogo alichimba tangi uani, akalisakafia kwa saruji, akaezeka nyumba kwa bati na kufunga gata, ule mfereji unaopita chini ya paa, ili mvua ikinyesha maji yajiendee tangini yenyewe. Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Alichimba tangi letu kabla kuta za nyumba hazijafika kwenye madirisha, kwa sababu hakutaka mkewe aendelee kushuka bondeni. Siku hizi bomba lipo, linatoa maji siku likijisikia, na dalali alisema wazi kwamba pale kinachouzwa ni tangi, nyumba ni nyongeza.

Na katika tangi hilo ndimo alimofia kaka yangu.

Nimeiandika sentensi hiyo na inanitazama kama mgeni, kwa sababu nyumbani kwetu haikuwahi kusemwa. Nilikuwa mdogo, lakini si mdogo wa kusahau. Ilikuwa msimu wa korosho, na uani kulikuwa na maturubai na mikeka ya korosho zilizoanikwa. Msimu huo huo ndio watu wa kwetu husafisha matangi kabla mvua hazijaanza. Maji yaliyobaki chini huchotwa yote, mtu hushuka kwa ngazi akasugua sakafu, kisha mfuniko huachwa wazi ili pakauke. Halafu kuna mvua ya kwanza. Mvua ya kwanza hainywewi. Inaosha paa, vumbi la kiangazi na mavi ya ndege, kwa hiyo mdomo wa gata lazima ugeuzwe pembeni maji yamwagike uani. Kazi ya kugeuza gata ilikuwa ya kaka. Mwaka ule alikuwa aende jandoni, na alijiona mwanamume kamili mwenye kazi yake.

Mvua ilikuja bila ule upepo unaoitangulia. Mama akapiga ukelele mmoja tu: korosho. Kila mtu wa kwetu anajua maana yake. Korosho ikilowa haina daraja, na mwaka mzima uko pale chini kwenye mikeka. Baba alikimbilia turubai, mama mikeka, mimi nikapewa ndoo ya kuzolea zilizomwagika, majirani wakaruka ua kuja kutusaidia. Kaka alikimbilia gata. Udongo wetu mwekundu ukilowa unateleza kama sabuni, na mfuniko ulikuwa wazi.

Tuliziokoa korosho zote. Zilikuwa zimerundikwa sebuleni, na watu wazima walikuwa wanacheka kwa kutweta, wamelowa chapachapa, baba alipochungulia nje akaona mdomo wa gata bado umeelekea tangini.

Watu waliniambia baadaye kwamba mvua juu ya bati haikuruhusu mtu kusikia chochote. Waliirudia sana hiyo, na ilitusaidia sote kulala.

Baada ya mazishi baba alitaka kulifukia. Alishaleta hadi udongo. Mama alisimama mbele ya toroli, akaninyooshea kidole mimi, akamuuliza, huyu aliyebaki atakunywa nini? Baba alitoka na toroli lake hivyo hivyo, limejaa. Tangi lilisuguliwa upya, mvua zikajaza, tukayanywa maji yale. Nimekua nayo. Nimepikiwa uji kwayo na kuogeshwa kwayo, na sijawahi kunywa maji matamu kama yale mahali pengine, jambo ambalo linanitisha hadi leo.

Ndipo mama alipoanza kubisha hodi. Kabla ya kufungua mfuniko aligonga kwa vidole, akasubiri kidogo, halafu akafungua. Hakuniagiza na mimi nifanye, niliona, nikafanya. Hata baba alifanya, yeye aliyekuwa akiwacheka darasani wanaoamini mashetani. Nyuma ya duka langu nina tangi la plastiki, jeusi, halina kisa chochote, na siwezi kulifungua bila kugonga. Vijana wangu wa dukani wanadhani ninapima maji yamefika wapi.

Jambo jingine lililobadilika ni jina la mama. Kwetu mwanamke huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza, na hivyo ndivyo alivyoitwa tangu alipojifungua. Baada ya msiba majirani wakawa wanakwama. Mtu alifika mlangoni, akaanza na "Mama," halafu akameza mate. Siku moja mmoja wao, kwa huruma tu, akamalizia kwa jina langu. Wengine wakafuata, na la zamani likazikwa. Masasi nzima wanajua mimi ndiye mtoto wa kwanza, na sijamsahihisha mtu. Lakini kila mama anapoitwa kwa jina langu, nasikia kama nimevaa shati la mwenzangu, na mwenyewe ananitazama nikiwa nimelivaa.

Wateja wa kwanza walikuwa mtu na mkewe, wote walimu. Mama aliwapokea akiwa palepale juu ya mfuniko, amejifunga kitenge chake kizuri. Akawaeleza kila kitu. Chumba cha wageni kinavuja mvua ikipiga kutoka mashariki. Fremu ya mlango wa jiko imeliwa na mchwa, msidanganyike na rangi. Jogoo wa jirani hana adabu. Dalali alikuwa anajifuta uso kwa leso, na jasho halikuwepo, maana asubuhi ile ukungu ulikuwa bado haujaondoka uani. Yule mwalimu akaomba kuona tangi. Mama akajibu kwamba limejaa, asiwe na wasiwasi. Akaomba tena, kwa heshima. Mama akamuuliza kama wana watoto wadogo. Akasema hapana, wote wameshajitegemea. Mama akasema basi mtaliona siku nyingine, na hakuinuka.

Walipoondoka dalali aliniuliza kama mama anauza nyumba au anailinda. Aliniuliza mimi, lakini alisema kwa sauti ya kutosha kufika uani. Nilimgeukia mama na hasira zangu zote. Nilimuuliza kama kweli anataka kuhama, au ananizungusha tu. Alisema anataka. Nikasema basi ondoka juu ya hilo tangi, watu waone wanachonunua.

"Nikiondoka bila kumwambia mtu," alisema, "atakuja kulifunua kama sufuria. Mimi nang'olo sasa, nimeshazeeka, nitakwenda kwako. Yeye nitamwacha na nani?"

Dalali aliitazama ardhi. Alikuwa mwenyeji, alikijua kisa chote, na alijua pia kwamba mteja akisikia kuna mtoto alifia pale, nyumba itaitwa nyumba yenye neno na hakuna atakayekanyaga. Alinivuta kando akaniambia nichague: mama aseme, au nyumba iuzwe. Vyote viwili haviwezekani. Siku ile nilimwona ana haki, na nilimchukia kwa kuwa na haki.

Muda mfupi baadaye nilimpeleka mama hospitali ya Ndanda akaangaliwe macho, halafu nikamchukua apumzike kwangu. Hajamaliza hata chai, dalali akapiga simu. Kuna mfanyabiashara wa korosho kutoka Tandahimba, yuko Newala leo tu, kesho hayupo. Nilimwambia mama ninakwenda kuonyesha nyumba. Aliutafuta mkono wangu, akanikabidhi funguo mwenyewe.

Sikuwahi kuingia nyumba ile mama akiwa hayumo. Hilo sikuliwaza mpaka tulipofika mlangoni. Dalali, kwa mazoea, akaita hodi. Halafu sote watatu tukasimama kusubiri kujibiwa, huku ufunguo uko mkononi mwangu. Yule mfanyabiashara ndiye aliyeniuliza mwenyewe yuko wapi. Nikasema hajambo, yuko Masasi kwa matibabu. Akauliza anaumwa nini. Akauliza kama anajua tuko hapa. Aliingia chumba kimoja kimoja akinusa pembe, na nikaona kwamba sheria ya dalali ina tundu lake: nyumba isiyo na mtu wa kusema karibu inamfanya mgeni atafute kilichomfukuza mwenyewe. Nilijaribu kusema karibu mimi. Ilitoka kwa sauti ya mama, hadi dalali akageuka.

Tukafika uani. Yule bwana hakuniuliza kitu. Aliuinua mfuniko kwa mkono mmoja, akainama, akapiga kelele ndani ili asikie kina.

"Oyaa."

Mimi ninauza saruji. Najua kwamba mahali penye uwazi chini ya ardhi hujibu, na ningeweza kumweleza mtu yeyote kwa nini. Lakini alikuwa na sauti nene, ya mtu anayepiga kelele kwenye maghala, na iliyorudi ilikuwa nyembamba. Dalali naye alirudi nyuma hatua mbili.

Nilimwambia yule bwana nyumba haiuzwi. Alidhani naongeza bei, akatabasamu. Nikamwambia tena, vibaya safari hii, maneno ambayo mama asingependa kuyasikia kwa mgeni, nikamfungulia lango. Dalali alimkimbilia hadi barabarani akimwomba radhi. Mimi nilirudi nikaweka mfuniko mahali pake, nikagonga, ingawa nilikuwa nimechelewa.

Kesho yake asubuhi nilimsimulia mama. Alikuwa anaipapasa meza kutafuta kikombe, nikakisogeza karibu na mkono wake. Aliuliza jambo moja tu, kama yule mtu aligonga. Nikasema hapana. Alikizungusha kikombe kwenye sahani yake. Akasema yule mtoto ameshapigiwa kelele za kutosha, hahitaji nyingine. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba mama hakuwa anatuharibia biashara. Alikuwa anatafuta mtu wa kumwachia mtoto, na mtu wa namna hiyo hachaguliwi kwa simu.

Nikampigia dalali nikamwambia mama atakuwepo, na kama hawezi, yako majumba mengine. Aliniambia nikibaki na gofu nisimlaumu. Nilimjibu kwamba lawama zangu huwa nazipeleka ninakotaka mwenyewe.

Walikuja wachache, wakaondoka. Mama hakumwambia yeyote. Aliwapima kwa maswali yake kuhusu watoto, akawataja mchwa na jogoo, akabaki amekaa. Nikaanza kuogopa kwamba atakufa pale juu.

Halafu akaja dada mmoja, muuguzi, amehamishiwa Newala kutoka upande wa Ndanda. Mumewe alikuwa kazini Mtwara. Alikuwa na binti yake mdogo, wa umri ule ambao mtoto hatembei, anakimbia tu. Dalali alinikonyeza kwa hofu, na hofu yake niliielewa: mtoto. Yule dada alipiga goti kidogo, akasema shikamoo mama. Mama akaitikia marahaba, lakini sikio lake halikuwa kwa yule dada. Lilikuwa linafuata mlio wa kandambili uliokuwa unazunguka uani, ukaenda kwenye ua, ukarudi, ukaja moja kwa moja kwenye tangi.

Mama alinyoosha mkono akamdaka yule mtoto kabla hajafika, kwa macho yale yasiyoona. Akampakata. Akamwambia yule dada, "Mwanangu, njoo ukae hapa na mimi."

Wakakaa wote watatu juu ya mfuniko. Dalali alitembea taratibu hadi langoni akatupa mgongo. Mimi nilibaki mlangoni pa jiko, karibu na ile fremu iliyoliwa, na ndipo kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikasikia mama akikisimulia kile kisa. Alikwenda nacho kwa mpangilio, ngazi, sakafu iliyosuguliwa, mfuniko uliowekwa kando, wingu, mikeka. Hakulia. Nilikuwa najua kila hatua, na nilikuwa naitikia moyoni kama mtu anayefuata sala aliyoizoea. Halafu akasema jambo nisilolijua.

"Wanasema mvua ilikuwa na kelele. Mimi nilimsikia. Aliniita mama, na mimi nina mkeka mkononi. Nikamwambia subiri. Sikumwitikia, nilimwambia subiri."

Nilishika ile fremu. Ilikuwa laini kwa ndani, ikabonyea. Kumbe miaka yote tuliyokuwa tunajifunika ile mvua juu ya bati, mama alikuwa nje peke yake. Nilimhurumia, na nikawa na hasira pia, sijui na nani, na wafu labda.

Yule dada hakuruka juu, wala hakumvuta mwanawe. Wauguzi wamezoea kukaa karibu na kifo. Hakuuliza kama kuna mambo yanaonekana usiku. Hakumwambia mama si kosa lako, neno ambalo ningemwambia mimi, na ambalo lisingefika popote. Aliuliza tu, "Alikuwa anaitwa nani?"

Nilidhani mama hatajibu. Sikuwa nimemsikia akilitamka tangu siku ya mazishi, hata kwenye sala, hata baba alipokuwa anakata roho. Kisha akalitaja, polepole, kwa matamshi ya kwetu, herufi zote zikiwa mahali pake. Sitaliandika hapa. Sikupewa mimi.

Baada ya hapo mama aliinuka. Aliinuka kutoka juu ya mfuniko mbele ya mteja, na dalali, aliyekuwa amegeuka kuchungulia, akabaki mdomo wazi. Mama aliukamata mkono wa yule mtoto, akaukunja vidole, akamgongesha kwenye mfuniko. Wakasubiri. Mtoto akauliza humo ndani yumo nani. Mama akasema ni maji tu, lakini sisi tunabisha hodi, na peke yako usifungue hata siku moja. Mtoto akagonga tena kwa raha zake.

Yule dada aliangalia vyumba kwa haraka, kama mtu ambaye ameshaamua na sasa anatimiza utaratibu. Aliniuliza kama panaweza kufungwa komeo na kufuli kwenye mfuniko. Nikamwambia nitaleta vyote kutoka dukani kwangu na fundi wa kuvifunga, zawadi ya nyumba. Akasema atazungumza na mumewe kwa ajili ya heshima, lakini nyumba ameichukua, na kama mama hatajali angependa awe anakuja kutembea mvua zikianza. Mama alikuwa ameshaanza kurudi ndani, ameweka mkono kwenye ukuta akiufuata. Miguu yake ilikuwa mizito.

Walifika langoni. Dalali aliwafungulia. Yule dada akageuka kuaga kama watu wanavyoaga kwetu, kwa kumwita mtu kwa mtoto wake. Akasema, "Haya, kwaheri Mama," na hakukwama, hakumeza mate, akamalizia kwa jina lile.

Mama alisimama. Mkono wake ukaacha ukuta. Hakugeukia lango ambako sauti ilitokea, aligeukia tangi.

"Abee," akaitika. "Abee, mwanangu."

Nami nilikuwa nimesimama uani na funguo mkononi, nikiwa tena mtoto wa pili.